Chumba cha Sauti ya Pili

Majirani zangu wa Viwanja Sitini wakiniona barabarani huuliza nani amefariki. Siwalaumu. Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu ya wiki ni ya kanisani Jumapili, na hata hiyo naifanya kwa kupita nyuma ya nyumba za watu, nisije nikakaribishwa chai. Sina ugomvi na dunia. Napenda tu kuisikia ikipita nikiwa jikoni kwangu, mchele uko kwenye ungo na redio inaongea kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo siku mwalimu wetu wa kwaya alipotangaza kwenye grupu kwamba mazoezi yote sasa yatakuwa kwa simu, kwa video, kila mtu akiwa kwake, nilipiga kigelegele peke yangu mpaka mume wangu akachungulia.

"Kuna nini huku?"

"Dunia imekuja kwangu," nikamwambia. "Na imevua viatu mlangoni."

Sababu ya mazoezi hayo ni kwamba mwalimu alikuwa amehamishwa kikazi kwenda Dodoma, na waimbaji nusu walikuwa shambani. Mpunga ukianza kukomaa katika bonde letu watu hufunga nyumba zao mjini wakaenda kuulinda. Wakati huohuo kulikuwa na jubilei inatungoja. Sista mmoja mzee, aliyetufundisha wengi wetu kuimba tukiwa hatujaota hata meno ya mbele, alikuwa anatimiza miaka hamsini ya utawa. Mwalimu akamtungia wimbo mpya wa sauti nne.

"Sista anastahili wimbo ambao haujawahi kuimbwa na mtu," alisema.

Kwa kweli hapo tulimtimizia. Wiki tatu nzima wimbo ule haukuimbwa na mtu.

Kwa asiyeimba kwaya, nieleze kidogo. Sauti ya kwanza ndio wenye wimbo wenyewe, ule ambao watu wanarudi nao nyumbani wakiupiga mluzi. Sauti ya pili sisi tunakaa chini yao, karibu nota ileile mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeshika ngazi wenzake wapande. Na ugonjwa wetu ni mmoja: tunapanda. Tukishasikia wimbo mtamu unapita juu ya vichwa vyetu, tunaiacha ngazi na kuufuata. Kwaya yetu ilikuwa na ugonjwa huo kama ukoo wenye kipara.

Sasa mwalimu, kwa ushujaa au kwa kutofikiri, aliweka katikati ya wimbo mistari miwili ambayo tunaimba sauti ya pili peke yetu. Wa kwanza wanaguna tu "mmm" juu, wanaume wananyamaza, na sisi tunaimba: *Uliniita, nami nikaja. Bwana wangu, mimi hapa.* Alifanya hivyo kwa sababu Sista mwenyewe alikuwa sauti ya pili maisha yake yote. Ndiye aliyenishika bega nikiwa mdogo, nimejificha nyuma ya wenzangu, akasema, "Wewe usiyetaka kuonekana, njoo huku. Huku ndiko kwetu."

Basi ile mistari haikuwa mistari tu. Sauti ya kwanza wakajua kwamba tunaiogopa, wakaandika kwenye grupu: "Sauti ya pili, mkishindwa semeni mapema, tutawabeba." Wakaweka na vile vikatuni vya kucheka hadi machozi.

Mwalimu akamalizia: "Mazoezi ya mwisho kabla ya jubilei nitawasikiliza sauti ya pili mbele ya wote. Mkipanda, mistari nawapa sauti ya kwanza."

Ndipo alipotuletea habari ya vyumba. Alikuwa amejifunza kwenye semina ya kazini kwake, na akavipenda vyumba vile kama mtoto aliyepewa filimbi. Mnakuwa wote kwenye ukumbi mmoja, vichwa vimepangwa kwenye kioo cha simu kama picha za wagombea. Yeye anabonyeza huko Dodoma, na kufumba na kufumbua mmegawanywa: kila sauti ina chumba chake, hamsikii wengine na wengine hawawasikii. Muda ukiisha mnarudishwa ukumbini, mpende msipende.

"Kila chumba lazima kiwe na kiongozi wa kuwafundisha wenzake," alisema. "Sauti ya pili, kiongozi ni wewe." Akanitaja mimi.

"Kwa nini mimi, mwalimu?"

"Kwa sababu wewe huna pa kwenda. Utakuwepo siku zote."

Hicho ndicho cheo changu cha kwanza tangu nimalize kidato cha nne, na nilikipata kwa kukaa.

Tulikuwa watatu chumbani. Mimi na jiko langu. Wa pili alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ana saluni kule Lipangalala na hakukubali kufunga kazi kwa ajili ya mazoezi. Simu aliiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya nywele, kwa hiyo tulimwona yeye nusu na kichwa cha mteja nusu. Wa tatu tulimwita Mama wa Masagati. Zamani aliishi hapa mjini na kuimba nasi, kisha akarudi kwao huko mbele ya Mlimba kulima. Ana sauti nene, nzuri, ya kukaa chini kabisa, ila mtandao wa huko unapatikana sehemu moja tu: juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachosimama juu ya shamba, ambacho mtu hukaa kulinda mpunga usiliwe na ndege. Saa kumi na moja jioni anapanda ngazi na simu yake, na kwa kuwa ndege nao hupenda saa kumi na moja jioni, alifanya kazi zote mbili kwa pamoja.

Siku ya kwanza mwalimu alibonyeza, tukaingia chumbani. Nikasafisha koo kama kiongozi.

"Haya, jamani, tuanze na..."

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Mama wa Masagati.

"Milele amina. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, mama."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mumeo hajambo?"

"Hajambo."

"Na mvua?"

"Ipo, mama, tunashukuru."

"Na huyo wifi yako mbona namwona ana vichwa viwili?"

"Shikamoo, mama!" wifi akaitikia, kitana mdomoni. "Kimoja cha mteja."

"Marahaba. Mteja naye hajambo?"

Mteja akasema hajambo, naye akatoa shikamoo yake, akaulizwa kwao ni wapi, ikagundulika kwamba bibi yake na Mama wa Masagati walipata kipaimara siku moja. Basi furaha! Hapo kioo kikaandika kwamba chumba kinafungwa baada ya dakika moja. Nikapiga kelele, "Jamani, nota!" Mama akaona tunaagana.

"Haya mwanangu, nimefurahi, nisalimie sana..."

Tukatupwa ukumbini.

"Enhe, sauti ya pili," mwalimu akauliza, "mmefika wapi?"

"Tumefika kwenye kipaimara," wifi akasema.

Siku ya pili tulipoingia chumbani, kabla sijafungua mdomo, Mama wa Masagati alianzia alipokatwa: "...mumeo. Nilikuwa nasema, nisalimie sana mumeo." Kisha akanieleza kwamba nyumba ile haina adabu. Hakuna mahali duniani ambapo mgeni anatolewa bila kusindikizwa, anatupwa tu nje kama maji ya vyombo. Na mwalimu naye alipochungulia kutusikiliza, uso wake ukatokea ghafla katikati yetu, mama alimpasha.

"Mwalimu, hata hodi?"

"Samahani, mama. Hodi."

"Karibu. Habari za huko?"

Na muda ukaisha mwalimu akiwa bado anaeleza habari za Dodoma.

Msidhani hatukuimba. Tuliimba, na ndipo msiba ulipoonekana. Kwa simu hamuwezi kuimba pamoja. Sauti zinasafiri, moja inafika mapema, nyingine inakuja baadaye kama mtu aliyeshukia kituo kisicho chake. Ilibidi mmoja aimbe, wengine wazime maiki, halafu mwingine afuate. Mimi naimba, nafika "nikaja", naona nimepanda. Wifi anaimba, naye anapanda, tena kwa mbwembwe, mikono juu, mteja anavutwa nywele na kulia "Aaa!" kwa sauti ambayo kusema kweli ndiyo iliyokuwa sahihi. Mama anaanza vizuri, chini kabisa, tunashika roho, halafu katikati ya "Bwana wangu" anaona kundi la ndege.

"Swaaaah! Tokeni! Swaaah!"

"Mama, hapo ulikuwa umeipata!"

"Nimepata nini, mwanangu, wamekula jaruba zima!"

Akirudi kwenye wimbo, anaanzia palipokuwa na kelele yake ya ndege, juu huko, kwa sauti ya kwanza.

Nilikuwa nacheka mpaka naegemea kabati la vyombo, lakini usiku nikilala nilikuwa nauona uso wa Sista akisikiliza mistari yake ikiimbwa na watu wengine. Nilimwambia mume wangu kwamba nitajiuzulu. Akaniuliza nikijiuzulu kukaa, nitaenda wapi.

Zikabaki siku chache kufika siku ya kusikilizwa. Tukaingia chumbani, sikuwa hata na nguvu ya kusema tuanze. Nikamwachia Mama wa Masagati afanye yake. Akaanza, polepole, kama kawaida yake, macho yako kwenye mpunga na si kwenye simu: "Habari za hukoo... za nyumbaniii..." Nami nikaitikia bila kufikiri: "Ni nzuri tuu... karibuniii..."

Nikachukua mwiko nikagonga sufuria.

"Mama, rudia."

"Nirudie nini?"

"Nisalimie tena."

"Mke wa kaka amechanganyikiwa," wifi akasema. "Ni kule kukaa ndani."

"Nisalimieni, nimesema!"

Akanisalimia. Na hapo nikasikia vizuri: mtu akisalimu hapandi. Hatutaki kumzidi mtu kwenye salamu. Tunabaki palepale chini, tunavuta, tunamngoja mwenzetu aitikie, wala hatuna habari na mluzi unaopita juu. Nikaimba nota ya kwanza ya mstari wetu, "sooo", nikamwambia mama anisalimie kwa nota hiyo. *Habari za huko, za nyumbani.* Ikaingia kwenye mstari kama mguu kwenye kandambili ya zamani. Nikahesabu kwa vidole: *Uliniita, nami nikaja.* Ikatosha, hakuna silabi iliyobaki nje. Nikaitikia mstari wa pili: *Ni nzuri tu, karibuni.* Nao ukatosha.

"Wifi, wewe sasa."

Wifi aliweka kitana chini, kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yaanze, akasalimu. Hakupanda. Tukatazamana kwenye kioo, sisi watatu na mteja.

"Jamani," akasema mteja, "hiyo ndiyo?"

"Ndiyo hiyo!" nikapiga kelele, na sufuria ikaanguka, na Mama wa Masagati huko alikokuwa akarusha kitenge juu akasahau kwamba yuko kwenye dungu, tukaona anga, tukaona miguu, tukaona anga tena.

"Sijaanguka!" akasema akiwa haonekani. "Endeleeni!"

Kuanzia hapo tulisalimiana kama vichaa. Chumba kikifunguliwa tunasalimiana kwa nota mpaka kinafungwa, na mara hii muda haukupotea hata kidogo. Siku ya kusikilizwa tuliimba mbele ya wote, mmoja mmoja, kwa maneno ya wimbo, lakini moyoni kila mtu alikuwa anauliza habari za nyumbani. Hatukupanda. Sauti ya kwanza walizima video zao. Mwalimu akavua miwani, akaifuta.

"Mistari ni yenu," akasema.

Sikumweleza njia tuliyopitia. Nilimwuliza tu kama siku ya jubilei naweza kuimba kwa simu, wakaiegemeza mahali.

"Na simu ivae sare?" wifi akadakia.

Mama wa Masagati alishuka na treni siku moja kabla, na mpunga wake mpya kwenye kiroba. Akalala kwangu. Asubuhi wifi alikuja kunitoa ndani kwa mkono, kama anamtoa biharusi anayelia, tukapita barabara ya mbele mchana kweupe na sare zetu, na jirani akatoka mbio na kanga begani: "Jamani, nani tena?"

"Hakuna!" wifi akamjibu. "Amefufuka huyu!"

Kanisa lilijaa. Na hapa ndipo nilipogundua kwamba wiki zote zile nilikuwa nimewazoea watu wakiwa vichwa. Sasa walikuja wazima, wana miguu, wana mikoba, wana watoto, wote wananiangalia. Sista alikaa mbele kwenye kiti chenye mto, taji la maua limemlalia sikio moja, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mwalimu alikuwa amefika na basi la Dodoma. Akainua mkono, wimbo ukaanza.

Ulikwenda vizuri. Wanaume wakanyamaza. Sauti ya kwanza wakaanza kuguna "mmm", na kwa pembeni ya macho niliwaona wanatusikilizia, mdomo uko tayari kutubeba. Mkono wa mwalimu ukatuelekea. Mimi ndiye kiongozi, mimi ndiye wa kuanzisha. Nikawaona watu wote wale, na mdomo wangu ukafanya kile ambacho mdomo wa mtu wa bonde hili hufanya akikutana na watu.

Nikaimba, kwa nguvu zangu zote: "Habari za huko, za nyumbani!"

Nilijua nimekosea kabla ya kufika "huko". Lakini hapakuwa na kurudi, kwa sababu wifi upande huu na Mama wa Masagati upande ule walikuwa wameshaingia. Mama aliniambia baadaye kwamba alisikia kabisa kuwa si maneno yenyewe, ila angefanyaje: mtu akisalimu unamwacha peke yake?

Tukafika mwisho wa mstari. Palikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi. Na katika nafasi hiyo Sista, ambaye siku hizi hasikii vizuri ila hicho alikisikia, aliinua mkono wake kutoka kwenye kiti, akaitikia kwa sauti iliyosikika kanisa zima:

"Nzuri, wanangu!"

Tungefanya nini? Tukaendelea: "Ni nzuri tu, karibuni!"

Kanisa likapasuka. Akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakapiga benchi, Sista anatikisika mpaka taji likashuka sikio la pili. Sauti ya kwanza mabega yalikuwa yanaruka, lakini niwape haki yao, ile "mmm" hawakuiachia. Mkono wa mwalimu haukusimama pia. Ukatuita sote, sauti zote nne zikaingia kwa maneno yao halali, na wimbo ukaenda hadi mwisho ukiwa umebeba kicheko ndani yake kama mtoto mgongoni.

Nje, mwalimu alitukusanya watatu pembeni. Tukatazama chini.

"Mistari miwili," akasema. "Hakuna neno hata moja la wimbo."

"Na nota?" wifi akauliza.

Mwalimu alijitahidi kukasirika, akashindwa. "Nota hamjakosea hata moja. Nimefundisha kwaya hii tangu sina mvi, sijawahi kusikia sauti ya pili ikikaa chini namna ile."

Kisha tukaitwa kwa Sista. Tukapiga goti, shikamoo Sista, shikamoo Sista, shikamoo. Akatushika mikono mmoja mmoja. Alipofika kwangu hakuniachia.

"Ni wewe uliyeanza."

"Ni mimi, Sista. Nisamehe."

"Yule aliyejificha nyuma ya wenzake."

"Ndiye."

Akanivuta sikio karibu na mdomo wake. "Hamkupanda," akasema, akacheka tena, kicheko kidogo cha chini kisichopanda.

Kesho yake nilimsindikiza Mama wa Masagati stesheni. Mimi mwenyewe, kwa miguu, bila kushikwa mkono na mtu. Alikuwa ametupwa nje ya chumba changu mara nyingi mno bila kuagwa, nikasema leo ataagwa mpaka achoke. Njia nzima tuliagana. Nisalimie shamba, nisalimie dungu, nisalimie hata hao ndege. Nisalimie mumeo, nisalimie wifi, nisalimie yule mteja. Hakuna kioo kilichoandika kwamba muda unakwisha.

Tatizo ni kwamba mtu asiyetoka hajui muda wa kutoka. Nilikuwa nimetuwahisha mno. Tulipofika stesheni kwaheri zote zilikuwa zimeshaisha na treni ilikuwa bado sana. Tukakaa kwenye benchi, kiroba kitupu kimekunjwa mapajani mwake, tukatazama reli.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hata hakushangaa. Akajivuta vizuri kwenye benchi, akashusha sauti hadi palepale petu.

"Marahabaaa. Habari za huko, za nyumbani?"